Shabiki wa Miaka Minne Minne

Mimi si shabiki. Waulizeni wanaume wa saluni ya Oketcho,
watawaambia: yule mama fundi hajui kuotea ni nini
na huuliza maswali wakati wa penalti.
Jumamosi za ligi napita zangu na chupa ya chai.
Mikeka yao imetapakaa sakafuni pamoja na nywele,
nami sijui nani kamfunga nani.

Lakini kila miaka minne
dunia inapojikusanya kwenye kile kioo chake cha inchi thelathini na mbili,
navuka barabara na kigoda,
nashona vifungo palepale mlangoni
nikitazama michezo ambayo Tororo haijawahi kuihitaji.

Kuna watu hushindana kutembea.
Kutembea! Nyonga zinapinda kama za kuku aliyeitiwa mtama,
na mwamuzi anawachungulia miguu wasije wakakimbia.
Ikwap wa bodaboda akauliza: kama wana haraka hivyo si wakimbie?
Na kama hawana, si wakae?
Hatukupata jibu. Tulizitazama kilomita zote ishirini.

Kuna wanaorushwa juu na ufito.
Mimi humsahau mtu,
nikauhurumia ule mti uliolazwa huko angani,
unaotetemeka, unaotetemeka,
haujaamua.

Na yule muogeleaji aliyekosa medali
kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.
Usiku ule nilijaribu kuipima. Nikakanyaga cherehani,
sindano ikashuka mara moja tu, tii,
na hata huo ulikuwa muda mrefu mno.
Mtu ameamka alfajiri miaka kumi na mmoja,
na kilichomzidi hakitoshi kutoboa kitambaa.
Anakula nini usiku huo, mtu wa nne?
Nani anampakulia?

Siku yetu nayo ilifika, sisemi haikufika.
Kijana wetu alipochomoka mzunguko wa mwisho
nilisimama na pini tatu mdomoni,
nikapiga kelele bila kufungua meno.
Oketcho alimwacha mteja nusu kichwa.
Malori ya Malaba yakapiga honi, hata ya Wakenya,
ingawa nadhani wao walitaka tu tuwapishe.
Wimbo wetu wa taifa ni mfupi, jamani,
uliisha kabla sijajua nitalia kwa jicho lipi.

Hayo watu wanayakumbuka.
Mimi nimebaki na msichana mmoja.

Mita elfu tano, mchujo wa asubuhi.
Wenzake walishavaa makoti, walishahojiwa,
yeye bado ana mzunguko na nusu.
Kaptula yake ilishonwa vibaya, hiyo kazi naijua:
mshono wa pembeni unavuta,
umemla paja tangu bunduki ilipolia.
Kamera ikamwacha, ikamfuata mshindi na bendera yake,
kisha ikamrudia, nadhani kwa kukosea.

Oketcho akashika rimoti. Kulikuwa na marudio ya mechi.
Nikamwambia: badilisha,
na ile suruali ya harusi ya dada yako utaivaa bila zipu.
Rimoti ikarudi mezani.

Tukamngoja, watu saba
na mteja mwenye povu shavuni.
Hatukushangilia. Tulinyamaza,
kama unavyomnyamazia mtu anayevuka mto juu ya gogo moja.

Alipofika hakuanguka, hakulia.
Aliivuta kaptula chini, akaitazama saa kubwa,
akatafuta mlango wa kutokea.
Jina lake lilipita mbio chini ya kioo.
Nikalidaka, nikaliandika nilipopata,
kwenye daftari la vipimo,
kati ya kiuno cha mwalimu Amoding
na mabega ya wanakwaya kumi na wawili.

Nchi yake sikuwahi kuisoma.